Kupanda Butiama Wakati wa Masika

Kila mwaka karibu na Aprili, huko Ubelgiji, maelfu ya waendesha baiskeli wa ridhaa hulipa fedha zao wenyewe ili wakateseke. Siku moja kabla ya mashindano makubwa ya Ronde van Vlaanderen, yaliyoanza mwaka 1913, hupewa nafasi ya kupanda vilima vilevile wanavyopanda wakubwa, mara nyingi kwa baridi na mvua. Nikisoma habari za huko, mbio zenyewe huzisahau upesi. Ninachobaki nacho ni majina: Oude Kwaremont, Paterberg, Koppenberg. Ni vilima vifupi tu, lakini kila kimoja kina jina, na kila jina lina watu wa kukusimulia nani aliangukia pale na mwaka gani. Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda Gent–Wevelgem Machi 2022, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mbio ya hadhi hiyo, naye aliingia kwenye masimulizi hayo ya vilima.

Sisi watu wa Mara Aprili yetu haina machipuko, ina masika. Vilima tunavyo, tena vya kutosha. Na majina tunayo, ila hayajaandikwa popote. Nimekuja kuandika habari za majina hayo, maana mtu niliyeyasikia kwake ameanza kuyapoteza.

Ukifika Mwigobero alfajiri, pale mwaloni Musoma, utakuta mitumbwi ya dagaa inarudi na karabai zake zimezimwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwanga ukiwavuta juu. Asubuhi huanikwa, na hapo ndipo masika inapoleta shida: mvua ikiwakuta dagaa juu ya mchanga au mawe kabla hawajakauka, bei inaanguka, na wengine huishia kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo miaka ya nyuma, mchuuzi mwenye baiskeli alikuwa na sababu mbili za kukimbia mwezi wa nne. Alitaka awahi wateja, na alitaka aiwahi mvua.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wachuuzi hao. Alikuwa na Phoenix nyeusi, keria yake kaichomelea nondo ili ibebe tenga la sato au magunia mawili ya dagaa, na kila kitu kikifungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Aliondoka saa 12 asubuhi, akapita Bweri, akafika Makutano, akapanda Butiama. Ni kama kilomita 45, na juu ya keria kilo 70 au zaidi. Jioni alirudi na fedha, au mtama, au kuku waliofungwa miguu wananing'inia kwenye usukani. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye keria ile. Halafu zikaja bodaboda, na kazi ya siku nzima ikawa kazi ya saa moja na nusu. Wachuuzi wa baiskeli wa njia ile walipungua mmoja mmoja, kimya kimya, hakuna aliyewaaga.

Miaka miwili sasa baba anasahau. Alianza na vitu vidogo: funguo, siku ya kwenda kliniki. Kisha majina. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki, na nimezoea kuitika. Lakini ukimuuliza njia ya Butiama anaifuata kilima kwa kilima, bila kuruka. Wachuuzi waliviita hivi: Bado. Jaribu Cheni. Kwa Mbwa. Uongo. Shusha Tenga. Nisukumie. Na cha mwisho, Harufu ya Ugali.

Nilipoanza kuyaandika niligundua kwamba najua majina na sijui vilima. Uongo ni kipi hasa? Kinaanzia wapi? Mara mia nimepita njia ile ndani ya basi, na ndani ya basi hakuna vilima. Dereva anabadilisha gia, wewe unaendelea kuchati. Basi nikasikia kwamba kuna watu wa hapa mjini wanaoendesha baiskeli kwenda Butiama kila mwaka karibu na tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Nikaomba niende nao.

Msionielewe kwamba ni tamasha kubwa. Wengi wenu mtakuwa mmesikia habari za Twende Butiama, safari ya waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam hadi Butiama kumuenzi Mwalimu. Yetu ni kitu cha mtaani. Haina jina, haina fulana, haina mshindi. Unatoa shilingi 10,000 za chakula na gundi ya pancha. Tulikuwa 23: walimu, muuguzi, mafundi, wanafunzi wa sekondari, na wawili waliotoka Bunda jana yake wakalala kwa jamaa zao. Kulikuwa na Phoenix, kulikuwa na baiskeli za mtumba za gia 18 ambazo zilizobaki zinafanya kazi ni tatu, na kijana mmoja alikuwa na baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba kama kidole. Mimi nilipanda ya mtumba. Phoenix ya baba bado ipo, imeegemezwa nyuma ya nyumba, na fundi aliniambia beringi zake zimekwisha.

Usiku ule niliaga nyumbani. Baba aliuliza, "Unapeleka nini?" Nikamwambia sipeleki kitu, baba, tunaendesha tu. Alinitazama kwa muda. "Baiskeli haiendi tupu," akasema. Mama akacheka, ila mwenyewe hakucheka.

Tuliondoka mwaloni saa 12 na nusu, anga limefunga. Kwa wasiokaa ziwani, niwaeleze mvua yetu inavyofanya. Usiku upepo wa nchi kavu huenda ziwani na kujenga mawingu juu ya maji, ndiyo maana alfajiri unasikia radi upande wa visiwani. Mchana upepo hugeuka, unatoka ziwani kuja bara, na mawingu yanajengeka juu ya vilima. Katika masika ukiwa na bahati mbaya unazipata zote mbili, ile ya alfajiri inakufukuza mgongoni, na ile ya mchana inakusubiri mbele. Sisi tulizipata zote.

Bado kiko mwanzo kabisa, baada ya kuacha mji. Si kilima cha kukutisha. Unapanda, unadhani umeanza safari, na jina lenyewe linakujibu. Nilikitambua papo hapo na nikacheka peke yangu mvuani. Kijana wa baiskeli ya mbio akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia. Akayarudia majina yote saba kwa sauti, kama mtu anayejifunza mistari ya ngonjera, na tangu hapo kundi zima likawa linauliza kwenye kila mwinuko: "Dada, hiki kipi?"

Jaribu Cheni kilijitambulisha chenyewe. Ni mwinuko mfupi lakini unakuja ghafla baada ya mteremko, kwa hiyo unaingia ukiwa kwenye gia nzito, unakanyaga kwa nguvu, na kama cheni ina kiungo kibovu, hapo ndipo kitasema. Ya mwenzetu mmoja wa Bunda ilikatika palepale. Tulisimama kumsaidia, mvua inatiririka kwenye shingo, na sikuweza kuficha furaha. Miaka 30 baada ya wachuuzi kukipa jina, kilima bado kinafanya kazi yake.

Kwa Mbwa hatukuona mbwa. Tuliona boma lenye uzio wa minyaa, na bibi mmoja amekaa barazani anachambua dagaa. Tulimwamkia. Nikamuuliza kama pale zamani palikuwa na mbwa wakali. "Walikuwa wa mkwe wangu," akasema. "Waliwajua wauza samaki kwa harufu." Kisha akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia baba hakumkumbuka kwa jina. Nikamtajia Phoenix yenye kengele mbili. Akaacha kuchambua. "Yule wa kengele mbili," akasema, "alikuwa anatupa mkopo."

Baada ya Makutano, mwongozaji wetu alituacha tuchague. Wengine wangefuata lami moja kwa moja hadi Butiama. Wengine wangeingia njia ya changarawe inayopita vijijini, ndefu kidogo. Wachuuzi walipita huko kwa sababu ndiko wateja walikokuwa, kwa hiyo sikuwa na la kuchagua. Tulikwenda 11.

Huko vijijini udongo wa mbugani ulitufundisha adabu. Ule mweusi, unaonata. Ukilowa unapanda na tairi, unajaa kati ya tairi na madigadi, na baada ya mita 50 gurudumu halizunguki, linaburuzwa. Wenye madigadi waliyafungua wakayafunga mgongoni. Kila mtu alikata kijiti cha kukwangulia tope. Kwenye miteremko ya udongo mwekundu ni kinyume chake, hakunati kitu, unateleza kama umemwagiwa mlenda, na breki ya mbele ukiigusa tu umelala. Mambo haya niliyajua kabla ya kuyafanya. Niliyasikia sebuleni, miaka mingi, yakisemwa na mtu aliyekuwa akisugua magoti kwa mafuta ya taa na chumvi.

Uongo ni mwinuko wenye kilele ambacho sicho. Unafika juu, unashusha pumzi, unakuta mbele kuna kingine kilichokuwa kimejificha. Shusha Tenga ndicho kirefu kuliko vyote. Pale wachuuzi walikuwa wakishusha nusu ya mzigo, wanaupandisha uliobaki, wanarudi kuchukua ule wa chini. Yaani kilima kimoja walikipanda mara mbili. Mmoja hubaki chini kulinda mali za wenzake, kwa zamu. Mimi nilikipanda mara moja, bila mzigo, nikisukuma kwa mkono, na nilipofika juu miguu ilikuwa inatetemeka. Nilisimama pale nikafikiria neno la baba la usiku uliopita. Alikuwa anasema ukweli kwa namna yake. Baiskeli tupu hailazimu kushusha kitu, wala haikulazimu umwamini mtu abaki na mali yako.

Baada ya hapo tulifika kwenye kijito.

Kwa kawaida ni kijito cha kuruka. Kuna daraja mfu pale, zege lililolazwa chini, maji yanapita juu yake. Siku ile maji yalikuwa yanapita kwa kasi, rangi ya chai ya maziwa, yanabeba matawi. Mvua iliyonyesha vilimani ilikuwa imetufikia kabla hatujaifikia. Upande wa pili tuliona njia inaendelea, na juu yake kilima cha sita, Nisukumie. Baada ya hicho, kimoja tu, halafu Butiama.

Kijana wa baiskeli ya mbio alitaka kuvuka. Ana miaka 17. Alisema maji ni ya magoti tu, na magoti yake yeye ni marefu. Wawili wakamuunga mkono. Wengine wakasema tusubiri. Mwongozaji alikuwa ameenda na wale wa lami, na simu hazikushika. Kwa hiyo tukabaki tunabishana, watu 11 waliolowa, na kila mtu anajua kwamba wenzetu saa ile huenda wanakula.

Hapa niwatoe kidogo njiani. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana wengi walitembea kwa miguu safari ndefu kuliunga mkono. Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwezi Oktoba mwaka huo. Kijana mmoja, Seth Benjamin, alifariki akiwa kwenye matembezi hayo, na taifa likamfanya shujaa. Nikiwa mtoto nililisikia jina lake likitajwa kwa heshima, na heshima hiyo anastahili. Lakini pale kijitoni nilikuwa namtazama mtoto wa miaka 17 akiinua baiskeli begani, na nilichofikiria ni mama yake Benjamin.

Nikamwambia, "Shusha." Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza alivyonieleza baba: maji ya magoti yenye kasi yanaweza kumwangusha hata mtu aliye peke yake, na mwenye baiskeli yanamkamata zaidi, kwa sababu baiskeli imekaa mlalo na maji yanapata pa kushika. Wachuuzi wa zamani, kilo 70 za samaki wanaoza mgongoni, walikaa chini wakasubiri. Mzigo ukioza umepoteza wiki moja. Akanisikiliza. Sijui kama alishawishika na fizikia au na samaki. Alishusha.

Tulikaa chini ya mwembe kwa saa mbili na dakika 40. Mama mmoja wa nyumba ya karibu alituita, akatupa uji wa ulezi na viazi vitamu, akakataa fedha, kisha akazikubali tulipomwambia ni za sukari ya watoto. Jua lilitoka, likarudi ndani. Maji yakashuka polepole, ukiyatazama hayashuki, ukigeuka ukirudi jiwe jingine limeonekana. Tulivuka saa 9 alasiri, mmoja mmoja, baiskeli zikipitishwa kwa mikono kama ndoo za maji penye moto.

Nisukumie tulikipanda kwa kusukumana kweli. Harufu ya Ugali, nisema kweli, ilikuwa harufu ya udongo uliolowa na moshi wa kuni. Tulifika Mwitongo saa 10 na kitu. Makumbusho tulikuta muda umetukimbia, wenzetu walishageuza kurudi Musoma. Tulisimama kwenye yale mawe makubwa yaliyobebana, tukatazama kaburi la Mwalimu kwa mbali, tukawaza namna ya kupata gari la mizigo la kuturudisha.

Wengi wanajua kwamba Kambarage, jina alilopewa Mwalimu utotoni, kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua; inasemekana alizaliwa siku yenye mvua kubwa. Na Nyerere, jina la baba yake, ni la viwavi walioivamia nchi wakati mzee huyo anazaliwa. Hivyo ndivyo watu wa huku walivyoandika historia kabla ya karatasi. Mwaka wa viwavi ukawa mtu, siku ya mvua ikawa mtu. Kilima kinachokata cheni kikawa Jaribu Cheni. Jina ni kumbukumbu iliyofupishwa hadi iweze kubebwa na mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine.

Ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza aliliona tatizo hili mapema. Aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akihofia kwamba mila na desturi za watu wake zitapotea. Hakupata mchapishaji, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Ni miaka 35 ya kungoja maji yashuke. Huwa tunamsifu kwa urefu wa kitabu chake, lakini siku hizi namheshimu zaidi kwa kuanza mapema, wakati wenye kumbukumbu walikuwa bado wapo wa kuulizwa.

Mimi sina kitabu. Nina daftari la kurasa 96, na vilima saba vyenye maelezo: kinapoanzia, urefu kwa hatua, udongo wake, na kwa nini waliita vile. Nilimsomea baba jioni ya Jumapili. Kwenye Bado alitikisa kichwa kukubali. Kwenye Kwa Mbwa nilimwambia habari za bibi wa barazani, akasema, "Ananidai," nikamwambia hapana baba, wewe ndiye unayemdai, akafurahi sana. Kwenye Shusha Tenga akanisimamisha. Akataka kujua nani alibaki chini kulinda.

Nikamwambia hatukuwa na mzigo.

"Basi hukupanda," akasema, bila ukali, kama mtu anayerekebisha hesabu.

Nimeliandika na hilo, chini ya kilima cha tano, pamoja na tarehe. Fundi amesema beringi za Phoenix zinapatikana kwa agizo kutoka Mwanza. Nimeshalipa nusu. Aprili ijayo nitabeba kilo 20 za dagaa wakavu, ndani ya nailoni mbili kwa ajili ya mvua, na yule kijana wa baiskeli ya mbio ameshasema atakaa chini ya Shusha Tenga kulinda tenga langu la pili.